MSUMENO WA INJINI HAUUAWI NA KAZI, HUUAWA NA OILI

Ndugu mkulima, katika sehemu zetu za Meru na Embu mti umekuwa zao la shamba kama kahawa na majani chai. Migrevilia iliyopandwa mipakani na kati ya mistari ya kahawa, ambayo wengi wetu huiita mukima, na mikaratusi iliyo pembeni mwa mashamba, ni akiba ya mwenye shamba. Hukaa ikikua miaka 15 au 20, kisha siku ya ada ya shule au ya kujenga nyumba huangushwa ikawa mbao. Viwanda vya majani chai navyo, kama Rukuriri na Mungania kule Embu, na Imenti na Githongo kule Meru, hukausha chai kwa moto wa kuni, na kuni hizo nyingi hutoka mashambani kwetu. Mwaka wa 2006 ICRAF, kituo cha uchunguzi wa miti ya mashambani kilicho Nairobi, kilichapa kitabu kizima juu ya biashara ya mbao za wakulima wa Meru. Basi jambo hili si dogo.

Zamani mbao zilipasuliwa na watu wawili, mmoja juu ya gogo na mwenzake shimoni, wakivuta msumeno mrefu tangu asubuhi hadi jioni. Msumeno huo haukuhitaji kitu ila tupa na mikono yenye nguvu. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na msumeno wa mnyororo wenye injini, ule tunaouita pawasoo. Andreas Stihl wa Ujerumani alitengeneza wake wa kwanza wa petroli mwaka wa 1929, na tangu mwaka wa 1950 hivi mtu mmoja peke yake aliweza kuubeba na kuutumia. Hufanya kwa saa moja kazi iliyokuwa ya siku nzima. Lakini bei yake ni kubwa. Vijana wengi huununua kwa mkopo wa chama, na mzee mwenye skimu akiununua huuza ng'ombe.

Kwa hiyo yafaa tuseme wazi jambo ambalo watu wengi hulipita. Msumeno ukifa kabla ya mwaka kwisha, mwenyewe husema, "Miti ya huku ni migumu," au, "Mashini za siku hizi ni mbovu." Maoni yetu ni mengine. Misumeno mingi inayokufa mapema haikuuawa na mti, wala haikuuawa na kiwanda kilichoitengeneza. Iliuawa kwenye jerikeni, na mtu aliyechanganya petroli na oili kwa kukisia kwa macho.

INJINI HII SI KAMA YA GARI

Kwanza yatupasa kuelewa injini yenyewe. Injini ya gari, na ya pikipiki nyingi zinazobeba abiria, ina bakuli la oili chini yake. Oili hukaa humo, hupampwa kwenda kulainisha vyuma, kisha hurudi. Injini ya msumeno ni ya mipigo miwili, ile mafundi huiita tu-stroki. Haina bakuli la oili hata kidogo, na ndiyo sababu waweza kuulaza msumeno ubavu au kuuelekeza juu na bado ukanguruma. Oili yote ya kulainisha pistoni, silinda na beringi huletwa na petroli yenyewe. Petroli na oili huingia pamoja, hupita kwanza chini ya pistoni zikiacha utando mwembamba wa oili juu ya kila chuma, ndipo hupanda juu kuchomwa.

Sasa fikiri. Mzungumo wa injini hiyo ikikata waweza kupita mara 12,000 kwa dakika moja. Hizo ni mara 200 kwa sekunde. Mara 200 pistoni hupanda na kushuka wakati wewe wasema neno moja tu, na kati yake na ukuta wa silinda hapana kitu ila utando ule wa oili. Utando ukikosekana, chuma hukutana na chuma, hupata moto, hutanuka, hukwaruzana, na injini hukamata. Haihitaji siku nzima. Mtu aliyetia petroli tupu, asiyetia oili, anaweza kuiua injini mpya kabla ya tangi moja kwisha.

KIPIMO NI NINI?

Watengenezaji wengi wa misumeno ya leo husema hivi: ukitumia oili nzuri ya mipigo miwili, changanya petroli sehemu 50 na oili sehemu 1. Ukitumia oili ya mipigo miwili ya kawaida, isiyo ya daraja la juu, changanya petroli sehemu 25 na oili sehemu 1. Wengine huandika 33 kwa 1. Lililoandikwa katika kitabu cha msumeno wako ndilo la kufuata, na kama kitabu kimepotea, mwulize aliyekuuzia.

Kwa hesabu ya jerikeni, mambo ni haya. Petroli lita 5, kwa kipimo cha 50 kwa 1, huhitaji oili mililita 100. Petroli lita hizo 5, kwa kipimo cha 25 kwa 1, huhitaji oili mililita 200. Lita moja huhitaji mililita 20 au 40. Kila mfugaji ajua bomba la sindano la mililita 20 ambalo daktari wa mifugo hutumia. Bomba moja jipya, lisilowahi kutiwa dawa, ni kipimo kamili cha lita moja ya petroli kwa 50 kwa 1. Linunue, liandike jina, lifungie ndani ya sanduku la msumeno, wala lisitumiwe tena kwa ng'ombe. Kifaa hiki cha bei ndogo kitakuokolea mashini ya bei kubwa.

Namna ya kuchanganya ni hii. Tia nusu ya petroli katika jerikeni safi. Tia oili yote uliyoipima. Funga, tikisa vizuri. Kisha tia petroli iliyobaki, tikisa tena. Kila unapotaka kujaza tangi, tikisa kwanza. Rangi ya oili, iwe ya buluu, kijani au nyekundu, yakuonyesha kwamba oili imo, lakini haikuambii ni kiasi gani. Anayepima kwa rangi huyo anakisia kama yule anayepima kwa macho.

WASEMA OILI NZURI NI GHALI?

Hapa ndipo wengi hupotea, na hapa tungependa msomaji apige hesabu pamoja nasi. Tuseme duka lina oili mbili. Moja ni ya daraja la juu, na bei yake ni mara mbili ya ile nyingine. Mtu hutazama bei mbili, huchukua ya chini, huenda zake akiona amepata faida. Lakini ile ya juu huchanganywa 50 kwa 1, na ile ya chini 25 kwa 1. Kwa jerikeni la lita 5, ya juu hutumika mililita 100, na ya chini mililita 200. Basi gharama ya jerikeni ni ile ile! Ila tofauti ni kwamba oili nzuri huungua safi, na ile nyingine huacha masizi kichwani mwa pistoni, kwenye plagi na kwenye ekzosi. Na yule anayenunua ya bei ya chini kisha akaichanganya 50 kwa 1 ili kubana matumizi, huyo ameuza msumeno wake kwa bei ya chupa moja.

Utaijuaje oili nzuri? Soma chupa. Lazima iandikwe kuwa ni ya injini za mipigo miwili zinazopozwa na hewa. Tafuta herufi za daraja la Kijapani, JASO, zikifuatwa na FB, FC au FD. FD ndiyo ya juu kuliko hizo. Zingine zimeandikwa ISO-L-EGD, nazo ni njema. Nunua chupa iliyofungwa na kiwanda, siyo oili iliyomiminwa katika chupa ya soda ambayo hujui ilitoka wapi.

Oili ya gari haifai. Oili hiyo ilitengenezwa ikae ndani ya bakuli, haikutengenezwa ichomwe. Ikichomwa huacha majivu magumu, na majivu hayo hufanya kazi ya msasa juu ya pistoni. Hata oili ya injini za mashua, ambazo hupozwa na maji, siyo ya msumeno, kwa kuwa msumeno hupata joto zaidi. Wala usidanganywe na neno pikipiki. Pikipiki nyingi za siku hizi ni za mipigo minne, na oili yake ni kama ya gari.

Wako wanaobishana sana juu ya kipimo. Mmoja asema 50 kwa 1 ni kidogo mno, mwingine asema 25 kwa 1 ni nyingi mno. Ubishi huu huchukua jioni nzima, na kila mmoja ana msumeno wake wa kutolea ushahidi. Sisi twaona hivi. Oili ikizidi kidogo haiui msumeno. Huleta moshi, huchafua plagi, na baada ya siku nyingi huziba njia ya ekzosi, mambo ambayo fundi aweza kuyasafisha. Oili ikipungua sana, hapana fundi wa kuponya ila kwa silinda na pistoni mpya. Kwa hiyo bora kuliko ubishi ni kipimo kimoja, cha daima, kinachofuata kitabu, kinachopimwa na mtu yule yule. Msumeno unaopata kipimo kimoja kila siku utadumu kuliko ule unaopata 20 kwa 1 Jumatatu na 70 kwa 1 Alhamisi.

PETROLI NAYO

Oili nzuri ndani ya petroli mbaya ni kazi bure. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa hugonga ndani ya silinda, hupasha injini moto kupita kiasi, na huacha masizi. Jambo hili lilikuwa sugu hapa Kenya hata mwaka wa 2018 Serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili bei yake isiwe chini sana ya bei ya petroli na dizeli, na wadanganyifu wakose faida ya kuchanganya. Hata hivyo nunua petroli kwenye kituo chenye magari mengi, ambako petroli haikai siku nyingi. Usinunue ya chupa kando ya njia, hata kama ni karibu na shamba.

Petroli iliyokwisha kuchanganywa na oili isikae zaidi ya siku 30 hivi. Hugeuka, hupoteza nguvu, na huacha gundi katika kabureta. Changanya ya kazi ya wiki moja au mbili, usichanganye ya msimu mzima. Msumeno ukipumzika muda mrefu, kwa mfano wakati wa mvua za masika, mwaga iliyo ndani ya tangi, kisha washa injini mpaka ijizime yenyewe, ili kabureta libaki kavu. Jerikeni nalo liwe la mafuta tu, lifungwe vizuri, likae kivulini. Tone la maji au chembe ya udongo iliyoingia jerikenini itaishia ndani ya kabureta.

TOFAUTI YA MLIMANI NA TAMBARARE

Jambo hili latuhusu sisi wa Meru na Embu kuliko wakulima wengi wa Kenya, nalo husemwa mara chache. Sehemu zetu zina mteremko mkubwa. Timau iko juu ya mita 2,000. Marimanti na Ishiara ziko chini ya mita 1,000. Mlimani hewa ni nyepesi, kwa hiyo injini hupata hewa kidogo kwa petroli ile ile. Huanza kutoa moshi na kukosa nguvu. Fundi wa huko hukaza skrubu ya kabureta, hupunguza petroli, na msumeno hufanya kazi vizuri. Yuko sawa kabisa.

Lakini msumeno huo huo ukipakiwa gari na kupelekwa tambarare kupasua mbao, huko hewa ni nzito. Injini hupata hewa nyingi, na petroli ni ile iliyopunguzwa. Tena kumbuka kwamba petroli ndiyo inayobeba oili. Petroli ikipungua, oili imepungua pamoja nayo, hata kama jerikeni lilichanganywa kwa haki. Injini hulia kwa sauti nyembamba ya juu, hukata kwa nguvu siku ya kwanza hata mwenyewe akafurahi, kisha hukamata. Watu husema joto la huko ndilo lililoiua. Kumbe ni skrubu.

Basi mwenye msumeno anayeshuka au kupanda milima yetu na amwone fundi mwenye kipima mzunguko kabla ya kuanza kazi. Iko misumeno mipya inayojirekebisha yenyewe, na hiyo haina taabu hii. Misumeno mingine yote yahitaji mkono wa fundi. Usiguse skrubu kwa bisibisi ya kubahatisha. Ukisikia injini yalia juu kuliko kawaida, au ukiachilia mkono wa mafuta nayo yakawia kushuka, zima mara moja.

CHUJIO NA MNYORORO

Wakati wa kiangazi vumbi letu jekundu huingia kila mahali. Chujio la hewa likitoboka au likikaa vibaya, vumbi huingia pamoja na hewa na kusaga pistoni upande ule hewa inapoingilia. Chujio likiziba, injini hukosa hewa na kumeza petroli nyingi. Lisafishwe kila jioni kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, likauke kabisa kabla ya kurudishwa. Kuwe na la pili la akiba.

Mnyororo butu nao huua injini. Mnyororo mkali hutoa vipande vya mti. Mnyororo butu hutoa unga. Ukiona unga, simama, chukua tupa. Anayesukuma msumeno butu kwa nguvu za mikono huifanya injini iungue kwa kazi ambayo meno yangeifanya. Na kwa kuwa kupasua mbao kwa urefu wa gogo ni kazi nzito kuliko kuangusha mti, kazi hiyo yataka msumeno wa kutosha. Msumeno mdogo wa kukatia matawi usipewe gogo la mukaratusi. Baada ya kupasua ubao mrefu, usizime injini papo hapo. Iache inguruma polepole kidogo, ili ipoe.

OILI CHAFU JUU YA MNYORORO

Msumeno una tangi la pili, la oili ya mnyororo. Oili hiyo hulainisha mnyororo na lile bapa la chuma ambalo mnyororo huzunguka juu yake. Kila unapojaza petroli, jaza na hili. Ili kujua kama oili yafika, elekeza ncha ya bapa juu ya kisiki kikavu, kaza mafuta kidogo. Ukiona mstari wa oili juu ya kisiki, ni vema. Usipoona, zima utafute kilichoziba.

Desturi imeenea ya kutia humo oili chafu iliyomwagwa gereji, kwa kuwa hupatikana bure au kwa senti chache. Twapinga desturi hii kwa nguvu. Oili hiyo imejaa chembe za chuma zilizolika ndani ya injini ya gari. Chembe hizo hula pampu ya oili, hula mnyororo, hula bapa. Tena ina sumu ambazo zaweza kuleta saratani, nayo hurushwa hewani kama umande, juu ya mikono na uso wa mwenye msumeno siku nzima. Na neno la mwisho ni hili: oili ya mnyororo hairudi tangini. Yote, hata tone la mwisho, hubaki shambani mwako. Hubaki chini ya kahawa yako, na mvua ikinyesha huteremka mpaka Rupingazi, Thuchi na Kathita, ambako mifugo hunywa na watoto huteka maji. Mkulima ambaye hawezi kumwaga ndoo ya oili chafu katika kahawa yake, kwa nini amruhusu mtu airushe kidogo kidogo? Haba na haba hujaza kibaba, na sumu nayo ni hivyo hivyo.

Nunua oili ya mnyororo. Iko pia iliyotengenezwa kwa mafuta ya mimea, ambayo huoza udongoni. Ni bora kwa kazi iliyo karibu na mto.

WEWE USIYE NA MSUMENO

Huenda msomaji akasema, "Mimi sina msumeno, hukodi tu. Haya yanihusu nini?" Yakuhusu sana. Msumeno mbovu hupasua mbao zenye mawimbi, nene huku na nyembamba kule, na mnunuzi hukata bei. Unga mwingi uliobaki chini ni mbao zako ulizozingoja miaka 20. Kwa hiyo kabla ya kukubaliana na mwenye msumeno, tazama mambo manne. Ana kipimo cha oili, au anamimina tu? Jerikeni lake ni safi? Ana tupa, na mnyororo wake hutoa vipande? Ana kofia ngumu, viatu vya ngozi na kinga ya masikio? Asiyejali masikio yake hatajali mbao zako. Na ajaze petroli injini ikiwa imepoa, tena asogee hatua chache kabla ya kuwasha, maana moto wa petroli hauulizi shamba ni la nani.

Tena uliza kibali. Mwaka wa 1999 Shirika la Wanyama Pori lilirusha ndege juu ya misitu ya Mlima Kenya, Imenti na Ngare Ndare, likakuta maelfu ya miti ya asili imeangushwa bila haki. Mwaka uliofuata msitu wa Mlima Kenya ukatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Tangu hapo mwenye msumeno hutazamwa kwa jicho kali, na haki ni hivyo. Miti yako ni yako, lakini kabla mbao hazijapita barabarani mwone afisa wa Idara ya Huduma za Misitu upate kibali cha kusafirisha. Msumeno wenye kazi halali hauogopi mchana.

MASHAURI YETU

Twamaliza kwa kutoa mashauri matatu. La kwanza ni kwa vyama vya ushirika vya kahawa na chai. Maghala yenu huuza mbolea na dawa. Yauze pia oili ya mipigo miwili katika chupa ndogo za mililita 100, chupa moja kwa jerikeni la lita 5, na oili ya mnyororo. Mkulima hununua oili mbaya mara nyingi kwa sababu nzuri iko mjini tu, na nauli ya kwenda mjini yaipita bei ya chupa.

La pili ni kwa vikundi vya vijana walionunua msumeno kwa mkopo. Chagueni mtu mmoja awe mwenye jerikeni. Yeye peke yake achanganye, aandike katika daftari tarehe, lita za petroli na mililita za oili. Mashini ya watu kumi isiyo na mwenyewe ni mashini ya kufa. Siku ikiharibika, daftari litawaambia ukweli bila ugomvi.

La tatu ni kwa vyuo vya ufundi vya kaunti zetu. Vijana wafundishwe kuifungua ekzosi na kuisoma pistoni. Pistoni iliyokwaruzika upande wa ekzosi hueleza habari za joto na petroli iliyopunguzwa mno. Iliyokwaruzika pande zote, kavu, hueleza habari za kukosa oili. Iliyosagika na kufifia upande wa hewa hueleza habari za vumbi. Fundi anayebadilisha pistoni bila kuuliza iliyotangulia ilikufaje, atairudia kazi hiyo tena mwezi ujao, na mwenye msumeno ndiye atakayelipa.

Wazee walisema bandu bandu huisha gogo. Msumeno nao huisha vivyo hivyo, kwa kila jerikeni lililochanganywa bila kupimwa. Mililita 20 kwa lita, ndugu mkulima, au lile kitabu chako kisemalo. Pima, tikisa, jaza, ndipo uvute kamba.